Ng'ombe wa Minza Walilipa Kodi ya Trekta

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na moja. Ni mjane, mkulima wa pamba na viazi vitamu hapa Didia, Shinyanga. Meno yangu yamepungua lakini ulimi upo pale pale, na wakwe zangu wanaujua.

Kwa tabia mimi ni mtu wa kushuku. Nashuku mizani ya pamba, nashuku dawa za mganga, nashuku hata maziwa ya jirani yakiwa mepesi. Marehemu mume wangu alizoea kusema kwamba jua likichomoza, Mama Minza atataka kujua limetumwa na nani. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo aliibiwaje mchana kweupe? Swali hilo nimejiuliza mpaka nywele zimeniisha weusi...

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vijana waliokwenda vitani Uganda walikuwa wamekwisha rudi. Sabuni ilikuwa adimu, sukari tuliipangia foleni kwenye duka la kijiji, na nguo za ndani za watoto tulizishona kwa magunia ya unga. Maisha yalikuwa magumu, lakini zizi letu lilikuwa na ng'ombe.

Hao ng'ombe walikuwa wa Minza. Minza ni mtoto wetu wa kwanza, na alikuwa ameolewa na Masunga, mwenye duka pale Tinde kando ya barabara kuu. Siku mahari ilipoletwa, ng'ombe wakiswagwa na vijana wanaoimba, nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mume wangu Jilala aliwapita mmoja mmoja akiwashika nundu.

Kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze kidogo. Usukumani ng'ombe wa mahari si wa kuchezea. Binti akishindwa na ndoa, wazazi wake huwarudisha ng'ombe, naye huwa huru. Ng'ombe wakiwapo zizini, njia ya kurudi nyumbani ipo. Wakikosekana, binti atakaa huko huko, awe anapendwa au anapigwa. Jambo hili nililijua tangu utotoni, na Jilala alilijua vile vile.

Baada ya mavuno ya pamba, wanaume wengi wa huku walikuwa wakienda machimboni upande wa Bugarama kujaribu bahati. Wanachimba shimo wanaloliita duara, na likitoa dhahabu wanasema limetema. Jilala naye akaenda. Duara lake halikutema kitu, lilimeza nguvu zake tu. Lakini cha ajabu, hakukata tamaa. Kila akirudi anakaa siku chache, anatazama dari, kisha anaondoka tena.

Siku moja akarudi ananukia. Sabuni ya manukato, ndugu zangu! Kijiji kizima tunafulia majani ya mpapai, na mume wangu anapita uani ananukia kama bibi harusi wa mjini. Nikamwuliza kaipata wapi. Akasema amepewa na rafiki. Rafiki gani wa machimboni anayegawa sabuni ya manukato kwa mwanamume mwenye ndevu?

Nikanyamaza. Mimi nikinyamaza, ujue nimeanza kazi.

Kisha ng'ombe wakaanza kupungua. Jilala akaniambia amewapeleka kwa mjomba wake Bukombe wakapate malisho. Kwetu ni desturi kugawa ng'ombe kwenye maboma ya ndugu, ili ugonjwa au wezi wasiwamalize wote kwa mpigo. Kwa hiyo maneno yake yalikuwa na sura ya kweli. Lakini nilipopata mtu aendaye Bukombe, nikamtuma salamu kwa mjomba, na salamu hizo nikazitia mkia, aulize ng'ombe wetu wanaendeleaje. Jibu likaja kwamba mjomba hajaona hata kwato.

Hapo nikajumlisha yote. Sabuni... safari... ng'ombe. Mwanamume anayetoa ng'ombe zizini kwa siri anawapeleka wapi, kama si kuoa mke wa pili? Nikamwona huyo mwanamke kichwani mwangu. Kijana, msafi, anajua kusoma, ana sauti ya kanisani. Nikamchukia kabla sijamjua.

Naye akaja!

Ilikuwa asubuhi, natwanga mtama uani. Akaingia msichana mrefu, amevaa gauni la rangi ya maziwa na viatu vya ngozi, nywele kazisuka vizuri. Akanisalimu kwa heshima, shikamoo mama. Akauliza kama pale ndipo kwa ndugu Jilala. Akasema jina lake ni Yustina, ni mtu wa Ushirombo, na anahitaji sana kumwona Jilala, na kama hayupo basi angependa kuzungumza na mimi faraghani.

Faraghani! Mwanamke mwenzangu ananifuata uani kwangu kutaka faragha juu ya mume wangu! Nilimwuliza anamjulia wapi Jilala. Akajibu kwamba habari zake amezisikia machimboni Bugarama. Hapo sikusikia tena. Alikuwa bado anasema, kitu juu ya ofisi, kitu juu ya gurudumu, lakini masikio yangu yalikuwa yamejaa damu. Nikauinua mwichi.

Hakukimbia mara moja. Alirudi nyuma taratibu, mikono mbele, akisema, "Mama, nisikilize, mimi nimetumwa na serikali."

Nikamjibu kwamba serikali haina kazi na kitanda changu. Nikamfukuza hadi kwenye njia ya barabarani, kiatu chake kimoja kikabaki kwenye matuta ya viazi. Jirani zangu walitoka kutazama. Nilirudi nyumbani nikijiona shujaa... Mungu anisamehe.

Jilala aliporudi sikumpa hata maji. Nilimwambia hawara wake amekuja nimemtimua, na aniambie leo hii ng'ombe wa Minza wako kwa nani. Nilitegemea atakana au atanipiga. Jilala akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akafunga mlango, akanisogelea, akaniambia hakuna mwanamke. Akasema amejishindia trekta.

Nikadhani dhahabu imempanda kichwani. Lakini alinieleza pole pole, na kadiri alivyoeleza ndivyo mori ulivyonishuka.

Kule machimboni, alisema, kuna mchezo. Gurudumu la baiskeli limefungwa juu ya nguzo, pembeni limepigiliwa vibati vyenye namba, na kuna kipande cha ngozi kinachogusa vibati likizunguka. Unatoa fedha yako, unachagua namba, linazungushwa. Likisimama kwenye namba yako umeshinda. Zawadi ni sabuni, kibiriti, kipande cha khanga. Kumbe sabuni ile aliishinda!

Nikamkumbusha kwamba kamari imekatazwa, na watu wanakamatwa kila siku kwa karata. Akasema hiyo ya karata ndiyo ya wahuni. Hii ina afisa. Pembeni ya gurudumu ameketi bwana mmoja mnene, suti ya kaki, kofia, kalamu mbili mfukoni, na sanduku la chuma lenye kufuli. Watu wanamwita Bwana Ushuru. Kila anayeshinda, kabla hajagusa zawadi, Bwana Ushuru anamkata kodi na kutangaza kwa sauti kwamba fedha hiyo inajenga zahanati. Mchimbaji mmoja aliwahi kugoma, na mwenye gurudumu mwenyewe ndiye aliyemkaripia, akamwambia taifa hujengwa na wenye moyo.

Nikamwuliza Jilala kama ana hakika hao si wezi.

Akanitazama kwa huruma. "Mama Minza," akasema, "tangu lini mwizi akakata kodi?"

Wasomaji wenzangu, niliona ana haki! Mtazame mkulima wa pamba maisha yake yote. Unapeleka pamba kwenye chama, inapimwa, na kabla hujaiona fedha yako imekwisha katwa. Makato ya hiki, makato ya kile, na mengine huyajui hata majina. Tunanung'unika, lakini ndiko tunakoijua serikali. Penye makato pana serikali, na mahali ambapo hukatwi kitu ndipo unapoanza kujihadhari. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Bwana Ushuru alitujua kuliko tulivyojijua sisi.

Ikawaje kuhusu trekta? Jilala alisema siku moja namba yake ilisimama, na Bwana Ushuru akamwita pembeni kwa siri. Akamwambia ile haikuwa namba ya kawaida, ilikuwa namba ya zawadi kuu, trekta jekundu lililoko ghalani Mwanza. Akamwonyesha picha yake. Akamwonya asimwambie mtu, maana watu wana vijicho, na trekta lenye vijicho huangusha familia. Msukuma gani hataogopa jicho la jirani? Kisha akamweleza kwamba kwa sheria zawadi kubwa hivyo haitoki ghalani mpaka kodi yake ilipwe kwanza. Ndipo ng'ombe wa kwanza wakatoka. Baadaye kukawa na ushuru wa kulivusha mkoa. Baadaye kukawa na bima. Kila mara ng'ombe waliswagwa mnadani, na Jilala akarudi kunidanganya juu ya Bukombe.

Sasa limebaki jambo moja tu, akasema, namba ya usajili. Zizini walikuwa wamebaki ng'ombe wachache.

Mnadhani nilifanya nini? Mimi, mwenye kumshuku kila mtu chini ya jua? Nilikuwa na furaha kama mwendawazimu! Hakuna mke wa pili! Mwiba niliokaa nao moyoni miezi yote hiyo ulikuwa umetoka, na mtu aliyetolewa mwiba huwa haangalii tena anakokanyaga. Nilimwambia Jilala alipe, tusije tukakosa trekta kwa ajili ya ng'ombe wa mwisho. Tukiwa na trekta, nikasema, tutanunua ng'ombe maradufu kabla Minza hajajua.

Yule msichana wa viatu vya ngozi? Nilimsahau. Sikumtajia hata Jilala kwamba alisema neno gurudumu.

Nilianza kumdharau jirani yangu na plau yake ya kukokotwa na maksai. Nilikuwa nikitembea pembezoni mwa shamba nikifikiria trekta litaanzia upande gani. Hata kuku wangu niliwaona wa kimaskini...

Trekta halikuja. Wiki zikapita, Jilala akaenda Bugarama kuuliza. Alirudi baada ya siku kadhaa na uso ambao sikuuona tena mpaka siku alipokufa. Alisema gurudumu halipo, Bwana Ushuru hayupo, na mahali pa nguzo pamebaki tundu. Kando ya tundu hilo aliwakuta wanaume wengine wamekaa. Kila mmoja alikuwa amekuja kuulizia trekta lake.

Kwa muda tulifikiri huo ndio mwisho wa msiba. Kumbe ndiyo kwanza unaanza.

Minza alikuja asubuhi moja ya mvua kutoka Tinde. Mkono wake wa kushoto alikuwa ameufunga kwa khanga, umevunjika. Dereva wa lori alimsalimu dukani, naye akaitikia. Hilo tu! Masunga akamshuku, akamkamata mkono akaupinda mpaka ukalia. Hakuwa ameanza siku hiyo. Mwanangu alinionyesha mgongo, nami nikageuka nitazame ukutani.

Alisema harudi tena. Alisema amevumilia kwa sababu alijua siku akishindwa, ng'ombe wapo. Alilisema hilo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesema ana akiba ya mahindi darini.

Jilala alitoka nje. Nadhani mvua ilimsaidia.

Haikupita wiki, wazee wa upande wa Masunga wakaja. Hawakuwa wakorofi. Walikubali kwamba kijana wao amekosea, na wakasema kama binti hataki, wao hawamlazimishi, abaki kwao na ng'ombe warudi. Mzee mmoja alitazama zizini, akaona majani yameota. Akapewa ugoro, akaupokea.

Tulizunguka kwa ndugu kuomba. Mjomba wa Bukombe, ambaye jina lake tulilitumia kwenye uongo, alisema ng'ombe walioko kwake katika hadithi, Jilala akawachukue huko huko kwenye hadithi. Wengine walinong'ona kwamba Jilala amekula mahari ya binti yake. Hakuna aliyetupa hata ndama. Nani atamwamini mtu aliyelipia kodi kitu ambacho hakipo?

Basi nikamrudisha Minza Tinde. Mimi mwenyewe, mama yake! Jilala alisema hawezi, miguu yake imekataa. Tulipanda lori la pamba hadi karibu, tukamalizia kwa mguu. Nilimbebea mzigo wake kwa sababu mkono haukuwa umepona.

Njiani akaniita mama kwa Kisukuma, akauliza, "Mayu, ng'ombe wangu wako wapi?"

"Walilipa kodi."

"Kodi ya nini?"

Nikamwambia ya trekta. Akageuka, akaitazama ile barabara yote, mbele na nyuma, kana kwamba huenda likatokea. Kisha akaendelea kutembea mpaka mlangoni kwa Masunga. Pale aliuchukua mzigo wake kwa mkono mzima, akaingia ndani.

Bwana Ushuru na mwenye gurudumu walikamatwa miezi mingi baadaye upande wa Geita, wakiwa na nguzo ile ile. Tuliitwa mahakamani Shinyanga. Na nani akasimama kutoa ushahidi wa serikali? Yule msichana! Gauni jingine, viatu vingine, sauti ile ile ya upole. Alikuwa mkaguzi wa kodi wa wilaya. Akaeleza kwamba alisikia machimboni juu ya mchezo unaowakata watu kodi, akashangaa, maana katika vitabu vyao hakukuwa na mchezo kama huo uliopewa kibali. Alihitaji mtu mmoja tu aliyelipa, aende naye polisi, wakamatwe papo hapo. Nyumba ya kwanza aliyokwenda ilikuwa Didia, na alipompata mtu wa pili gurudumu lilikuwa limekwisha hama. Akasema, bila kulitaja jina langu, kwamba mama wa nyumba hiyo alimpokea kwa mwichi.

Watu walicheka. Hata hakimu aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni ng'ombe ambao siku ile walikuwa bado zizini. Walikuwa wa kutosha kuzungumza na wazee wa Tinde, wasomaji wenzangu. Walikuwa wapo!

Tulipotoka nje alinifuata. Nilidhani atanitukana, na ningeona ni haki yake. Akaniamkia. Akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza, kwamba mchezo wa fedha lazima uombewe kibali, na anayechezesha ndiye anayedaiwa kodi na serikali.

"Na kama aliyeshinda naye anakatwa," akasema, "mama, anakatwa kwenye alichoshinda. Hatumwambii mtu akauze chake kwanza."

Maneno mafupi hivyo! Hata chama cha pamba, pamoja na makato yake yote, hakijawahi kuniambia nilete ng'ombe kabla sijapeleka pamba. Lile lilikuwa wazi mbele yetu wakati wote, nasi tukalipita.

Wezi walifungwa. Ng'ombe hawakurudi, walikuwa wamekwisha liwa nyama kwenye minada. Jilala aliishi miaka kadhaa zaidi akiwa mtu wa kimya, akafa kabla ya wakati wake. Mkono wa Minza ulipona umepinda. Akakaa na Masunga, akamzalia watoto, mpaka pombe ilipommaliza mwanamume yule.

Mwaka jana walikuja watu kumposa binti yake Minza. Waliswaga ng'ombe wazuri, wanene. Nilikuwapo, nimekaa na wanawake tukimenya karanga. Minza akatoka ndani, akasimama mbele ya wazee wa pande zote mbili, akawaambia warudi na ng'ombe wao. Baba wadogo wa binti waliruka, wakasema anavunja mila, wakamwuliza anamtoa mtoto bure kama kifaranga?

"Namtoa bila ng'ombe," Minza akasema, "ili siku akitaka kurudi, asimkute mtu anayehesabu."

Hakunitazama alipokuwa akisema hivyo, wala haikuwa lazima. Kijana alimwoa kanisani bila hata mbuzi, na maneno yanasemwa huko Tinde hadi leo.

Nawaombeni ninyi mnaosoma haya, hasa ninyi wanawake wenye macho makali kama yangu. Msidhani kushuku ni akili. Mimi nilishuku kila kitu, nikaacha kumshuku mtu mwenye kofia kwa sababu tu alikuwa anakata kodi. Mtu akija na sanduku akidai kwa jina la serikali, nenda ofisini ukaulize ametumwa na nani. Akikwambia ulipe kwanza ndipo upewe ulichoshinda, mwache hapo hapo, hata kama ameshika picha ya ndege. Na mali iliyowekwa kwa ajili ya mtoto wako, ogopa kuigusa hata kwa nia njema. Sisi tulikuwa na nia njema...

Minza huja kunitazama kila baada ya mavuno. Ananiletea chumvi na sabuni, ananiamkia vizuri, ananipikia. Chumba chake nimekipaka chokaa, kitanda nimekitandika, na kila akija namwambia alale japo siku moja, amechoka, njia ni ndefu. Hunijibu kwa adabu kwamba hapana, mayu, anarudi kwake. Jioni huchukua kikapu chake na kuondoka.